Mwenye Econet Leo ya Burundi ni nani hasa? Nasikia aliishtaki serikali ya Mugabe

Kijana wa Muyama:

Wakuu, salaam. Mimi niko Muyama huku Buhigwe, naendesha bodaboda, njia yangu kubwa ni ya kwenda Manyovu mpakani. Wanaotoka pande hizi wanajua: ukikaribia geti, simu inaachia mtandao wa kwetu na kudaka wa Burundi, salio linaliwa hujui limeenda wapi.

Juzi nilimpakia Mrundi mmoja wa Mabanda. Tukaanza kupiga soga, akaniambia mwenye Econet Leo, ule mtandao wa simu wa kwao, si Mrundi wala Mzungu, ni Mwafrika wa Zimbabwe, bilionea, na aliwahi kuiburuza serikali ya Mugabe mahakamani akaishinda. Nikacheka. Mugabe yule ninayemjua mimi umshtaki halafu upewe na mtandao wa simu?

Kijiweni nimeuliza. Mmoja kasema ni Mo Ibrahim. Mwingine kasema ni Mo Dewji, huyo tukamwambia anywe chai yake anyamaze. Sasa nawauliza nyie wenye kujua: ni nani, hela aliitoa wapi, ni kweli alishinda kesi, na hii habari kwamba anasomesha yatima ni ya kweli au ni matangazo ya biashara? Naomba msiniletee mambo ya Freemason.

Mwana Ujiji:

Mo Ibrahim ni Msudani, ndiye aliyeanzisha Celtel, ile ambayo hapa kwetu ikawa Zain halafu Airtel. Aliiuza 2005 kwa Wakuwait, dola bilioni 3.4, baadaye akaanzisha tuzo ya marais wastaafu waliotawala vizuri. Huyo wako wa Econet anaitwa Strive Masiyiwa. Wote wawili ni wahandisi, wote matajiri wa simu, kwa hiyo kijiwe chenu hakikukosea sana.

Mzuka wa Gungu:

Umesema hutaki Freemason, basi sina mchango.

Mama Floti Manyovu:

Mwanangu wa Muyama, nitakujibu kwa kirefu, leo Jumapili wateja wachache. Mimi ni wakala, naweka na kutoa pesa hapa Manyovu, na kabla ya hapo nilikuwa nauza vocha za kukwangua. Mezani kwangu zipo simu za kitochi zimefungwa pamoja kwa mpira, kila moja na mtandao wake, na pembeni ipo moja yenye laini ya Econet Leo, maana wateja wangu wengi wana ndugu upande wa Mugina na lazima wapigiwe wathibitishe kwanza ndipo mtu atoe hela yake. Hiyo laini ndiyo iliyonifanya nimtafute huyo bwana. Nilitaka kujua namtajirisha nani.

Masiyiwa alizaliwa Januari 1961, Zimbabwe ikiitwa Rhodesia. Alipokuwa na miaka 7 wazazi wake walihamia Zambia, wakakaa Kitwe kwenye migodi ya shaba. Mama yake alikuwa mfanyabiashara, na kwa hela hiyo mtoto akapelekwa kusoma Scotland akiwa na miaka 12. Kwa hiyo hii si hadithi ya mtoto wa kuokota makopo, wanaoisimulia hivyo wanaongeza chumvi. Chuo alisomea Cardiff, uhandisi wa umeme, akamaliza 1983. Mwaka uliofuata akarudi Zimbabwe, nchi ina uhuru wa miaka minne tu, akaajiriwa na shirika la serikali la posta na simu, PTC. Likumbuke hilo shirika. Aliacha kazi akafungua kampuni yake ya mambo ya umeme, Retrofit Engineering.

Mwaka 1993 akawarudia waajiri wake wa zamani na wazo la simu za mkononi. Wakamkatalia. Sheria iliwapa wao peke yao haki ya kuendesha simu nchi nzima, na simu zenyewe za mkononi hawakuziona kuwa na soko.

Hapo wengi wetu tungeanza kutafuta nani anamjua nani. Yeye akaenda mahakamani, na hoja aliyoipeleka ndiyo iliyonifanya nimpende. Hakulalamika kwamba ananyimwa biashara. Alisema katiba ya Zimbabwe ya wakati ule, kifungu cha 20, inampa kila mtu uhuru wa kutoa na kupokea mawazo, sasa shirika likihodhi simu halafu likashindwa kuwafikishia watu simu zenyewe, linawanyima watu uhuru huo. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Anthony Gubbay ikakubaliana naye: ukiritimba wa PTC unavunja katiba.

Kijana kama wewe unaweza kuona hiyo ni lugha ya mawakili tu. Mimi nimekulia hapa wakati hakuna mnara hata mmoja. Mtu akifariki Kigoma mjini, taarifa ilikuja kwa mdomo wa dereva wa gari la asubuhi, na dereva mwenyewe alikuwa amebeba taarifa za nyumba nyingine tatu, anachanganya majina. Shangazi yangu aliwahi kuanza kuliliwa na watu yuko sokoni ananunua mihogo. Kwa hiyo jaji aliposema kukosa simu ni kuzibwa mdomo, mimi sikuhitaji wakili wa kunifafanulia.

Turudi kwake. Hukumu ikabaki karatasi. Mapema 1996 Rais Mugabe akatumia madaraka yake ya kutoa kanuni za haraka, ikawa kosa kuendesha mtandao wa simu bila leseni ya serikali. Zabuni ilipotangazwa, ushindi wakapewa Telecel, kampuni ambayo Leo Mugabe, mpwa wa Rais, alikuwa na hisa ndani yake. Masiyiwa akarudi mahakamani. Miaka mitano ya kesi ilimfikisha ukingoni mwa kufilisika. Ndani ya serikali aliyesimama naye ni mzee Joshua Nkomo, wakati huo Makamu wa Rais. Leseni ikatoka mwishoni mwa 1997, na Julai 1998 Econet ikawasha mtandao.

Wasimuliaji wengi wanaishia hapo, shujaa kashinda, makofi. Mimi kama wakala naisoma tofauti. Tazama yaliyofuata, utaona huyu mtu kila alichokigusa kilihitaji kibali, na kila kibali kilikuja kumgeuka.

Gazeti: alikuwa mwanahisa mkubwa wa kampuni iliyokuwa na The Daily News pale Harare, gazeti lililoikosoa serikali kuliko yote. Januari 2001 mitambo yake ya kuchapia ililipuliwa kwa mabomu. Septemba 2003 likafungwa kwa kukosa usajili chini ya sheria mpya ya habari. Televisheni: akaanzisha Kwesé kutaka kushindana na wakubwa wa visimbuzi Afrika, Zimbabwe kwenyewe leseni ikaleta kesi nyingine, na ilipofika 2019 biashara ilikuwa imekufa. Sisemi ni leseni peke yake iliyoiua, haki za mpira ni ghali, ila ilianza na mguu mmoja kwenye kitanzi.

Halafu EcoCash, huduma ya Econet ya kutuma na kulipa pesa kwa simu. Hapa nazungumza kama mtu wa kazi. Ilianza 2011, na Wazimbabwe walipokosa noti benki wakawa wananunua hadi mboga kwa simu. Juni 2020 serikali ikasimamisha miamala ya simu, ikidai inatumika kuchezea thamani ya fedha. Agosti mwaka huohuo Benki Kuu yao ikafuta akaunti za mawakala. Ikafuta. Ikasema hawana tena kazi halali ya kufanya. Sisi hapa Julai 2021 tulipiga kelele kwa ajili ya tozo ya miamala, na tulikuwa na haki ya kupiga kelele, lakini meza zetu zilibaki. Mwenzangu wa Mbare, kule Harare, alilala wakala akaamka raia.

Sasa yatima. Hayo si matangazo. Mwaka 1996 yeye na mkewe Tsitsi walianzisha mfuko wa kusomesha watoto waliofiwa na wazazi, ukiitwa Capernaum Trust, leo ni Higherlife Foundation. Wao ni watu wa kanisa sana, jina lenyewe linakuambia. Ulikuwa wakati Ukimwi unamaliza kina baba na kina mama kule kama ulivyokuwa unafanya Kagera. Uangalie vizuri huo mwaka: 1996 hakuwa na leseni, hakuwa na mteja hata mmoja wa simu, kesi inamla. Ndipo akaanza kulipia watoto wa watu ada. Taasisi yenyewe inasema imeshasomesha vijana zaidi ya 250,000.

Namba ni zao, unaweza kuzitilia shaka. Ila mimi nilikuwa na mteja, muuguzi wa Kizimbabwe aliyekuwa anahudumia wakimbizi huku wilayani kwetu na Kasulu, akija kutoa pesa kwangu. Siku moja ameiona laini ya Econet mezani akaishika, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kama huku pia wapo. Nikamwambia wapo ng'ambo. Akaniambia, "Hawa ndio walionivalisha viatu." Baba na mama yake walifariki yuko shule ya msingi, ada na sare vikatoka kwenye ule mfuko mpaka alipofika chuo cha uuguzi. Viatu ndivyo alivyovisema kwanza, ada aliitaja baadaye. Nikamkatia pesa yake na ile ya kutolea sikumchaji.

Fundi Mnara Kasulu:

Mama Floti, shikamoo, umemaliza kila kitu. Naongeza ya upande wa minara.

Kuhusu Burundi: Econet ilikuwa na kampuni yake ndogo pale, na 2014 ikainunua U-Com iliyokuwa ikitumia jina la Leo, zikaunganishwa ndiyo ikawa Econet Leo. Kinachochekesha ni kwamba U-Com ilikuwa imezaliwa ikiitwa Telecel Burundi, tawi la Telecel ileile iliyompokonya Masiyiwa zabuni kule Zimbabwe. Kwa hiyo miaka 17 baadaye amenunua mtoto wa adui yake. Leo ya Burundi na Leo Mugabe hawana undugu, msije mkaanzisha uzi mwingine.

Nigeria nako alifika. Mtandao wake ndio uliowasha simu za mkononi za GSM kwanza kule, Agosti 2001. Hakudumu. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani kwamba wanahisa walitaka alipe mlungula kwa wanasiasa, akagoma, akaondolewa kwenye uendeshaji. Kampuni ikabadilishwa majina mpaka ikafika Celtel, Zain, na sasa Airtel. Yaani Mwana Ujiji, hao matajiri wako wawili wamepishana mlango uleule.

Pesa yake kubwa ya siku hizi naona iko kwenye nyaya zaidi ya minara. Kampuni yake ya Liquid imetandaza mkongo wa fibre kutoka Afrika Kusini kupanda juu mpaka huku Mashariki, na Dar es Salaam waliinunua Raha, ile kampuni ya intaneti. Liquid sasa iko chini ya kampuni yake nyingine, Cassava Technologies, na 2025 walitangaza kujenga kituo cha akili bandia Afrika Kusini kwa mitambo ya Nvidia, kampuni ya Marekani.

Na wewe wa Muyama, suala la salio: ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mitandao, zima kile cha kujichagulia mtandao chenyewe, chagua wa kwako kwa mkono. Zima na data ya ng'ambo. Ukifika bondeni kabisa utakosa mtandao kwa muda, vumilia.

Mzee wa Kibirizi:

Mimi nitakuwa mchawi wa uzi huu. Mnampamba sana.

Kwanza, hadithi nyingi za ujasiri wake zimetoka mdomoni mwake au kwenye ukurasa wake wa Facebook anaofundishia vijana biashara. Mtu akijisimulia huwa hakosei. Pili, EcoCash ilikuwa imeshika karibu miamala yote ya simu nchini. Mtu aliyekwenda mahakamani kuvunja ukiritimba akaishia kuwa na wa kwake. Serikali yoyote ingepata kiwewe hela ya nchi nzima ikipita mfukoni kwa kampuni moja. Tatu, yeye aliondoka Zimbabwe mwaka 2000, akaenda Afrika Kusini, sasa yuko London. Muuza mboga wa Mbare aliyefungiwa akaunti hakuwa na London ya kwenda.

Na hiyo misaada: 2018 kipindupindu kilipoingia Harare taasisi yao iliahidi dola milioni 10. Mapema 2020 madaktari waliokuwa wamegoma kwa miezi walirudi kazini baada ya taasisi hiyohiyo kukubali kuwaongezea posho ya mwezi. Vizuri sana, watu walipona. Lakini nchi ambayo daktari wa serikali analipwa posho na mwenye kampuni ya simu, hiyo nchi ina tatizo, na tajiri naye anakuwa na sauti ambayo hakuna aliyempigia kura.

Mama Floti Manyovu:

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la EcoCash kushika miamala yote nakubaliana nawe, na tena sisi mawakala ndio tunaojua ubaya wake. Mtandao ukiwa mmoja, kamisheni inapangwa na mmoja. Kuna kampuni iliwahi kutupunguzia kamisheni hapa kwa ujumbe mfupi tu wa usiku, asubuhi tukahesabu upya. Kama kungekuwa na mtandao huo peke yake, tungeenda kumlilia nani?

Ila usichanganye kujisimulia na hukumu. Hukumu ya 1995 hakuiandika yeye, iko kwenye vitabu vya sheria, na Gubbay mwenyewe alikuja kulazimishwa kustaafu 2001 kwa sababu mahakama yake haikupendwa na wakubwa. Gazeti kulipuliwa hakujisimulia. Muuguzi wangu naye hakutumwa na mtu.

La madaktari, mimi sioni ungefanyaje ungekuwa wewe. Wagonjwa wako wodini. Uwaambie wasubiri nchi inyooke kwanza?

Mzee wa Kibirizi:

Marahaba. Ningelipa, kisha ningepiga kelele kwa sauti ya juu kwamba haifai mimi kulipa. Yeye hiyo sehemu ya pili sijamsikia.

Kijana wa Muyama:

Aisee, nilikuja kuuliza jina tu. Abiria wangu nikimwona namwomba msamaha kwa kumcheka. Swali moja: aliondoka 2000, kwa nini hakubaki kupambana wakati tayari amepata leseni?

Mama Floti Manyovu:

Gazeti na siasa za wakati ule zilimfanya aonekane mpinzani, ingawa chama hakuwa nacho. Econet yenyewe ilibaki Harare inafanya kazi, iliingia kwenye soko la hisa 1998, na ndiyo mtandao mkubwa kuliko yote kule mpaka leo. Yeye anaendesha biashara zake kutoka nje. Mwaka 2020 Umoja wa Afrika ulimteua mjumbe maalumu wa kutafuta vifaa vya Corona, na 2021 wakafunga mkataba wa chanjo dozi milioni 220 na Johnson & Johnson kwa ajili ya nchi za Afrika. Hapo napo alisema wazi kwamba wenye viwanda walikuwa wanatuweka mwisho wa foleni. Mzee wa Kibirizi, hiyo kelele aliipiga.

Mwalimu Ipuli, Tabora:

Nimechelewa, umeme ulikatika. Nafundisha uraia na jambo moja limenigusa, maana wanafunzi huniuliza kwa nini sisi hatuna kesi kama hiyo.

Hatukuihitaji. Sisi ukiritimba ulivunjwa bungeni. Sheria ya Mawasiliano ya 1993 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, Shirika la Posta na Simu likagawanywa, simu zikaenda TTCL na barua zikaenda Shirika la Posta. Tazama mwaka: 1993, ndio huohuo Masiyiwa anaambiwa hapana Harare. Mwaka 1994 Mobitel ikaanza kuuza simu za mkononi Dar es Salaam, wakati yeye bado yuko mahakamani na alibakiza miaka minne kuwasha mnara wake wa kwanza. Mobitel hiyo ndiyo ikawa Buzz, ikawa Tigo, na sasa ni Yas.

Kwa hiyo uhuru wa mawasiliano kwetu uko ibara ya 18 ya Katiba, lakini ibara hiyo haijawahi kubebeshwa mzigo ule wa mnara wa simu kama kifungu chao cha 20. Wanafunzi wa Form Four nimewapa hilo kama mjadala wa wiki ijayo. Mama Floti, ile habari ya shangazi kuliliwa akiwa sokoni naomba ruhusa ya kuitumia darasani.

Mama Floti Manyovu:

Ruhusa unayo, Mwalimu. Yuko hai hadi leo, na mihogo alilipa.